Mkamwana kutoka Kasindi

Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi, na hilo ndilo lililomtia Chérie wasiwasi. Afisa wa uhamiaji pale Kasese, mwanamume mrefu wa kutoka Arua aitwaye Drani, alimuuliza jina lake, jina la baba yake na mahali alipozaliwa. Chérie alijibu yote bila kukwama: yeye ni Katungu Chérie, binti wa marehemu Paluku, mzaliwa wa kijiji kimoja upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka. Drani akaandika. Kisha akaweka kalamu mezani na kumtazama usoni.

"Bwana yako alizaliwa wapi?"

"Kilembe, shefu."

"Una hakika?"

"Ndiyo. Papa yake alikuwa anatumika kule, mu mugodi ya shaba."

"Jumapili iliyopita mlikula nini?"

"Bugali na sombe."

"Nyinyi wote wawili?"

"Wote watatu. Na mama yake."

Drani akafunua ukurasa wa nyuma. Katika chumba cha pili, mumewe Chérie, Benon Turyahikayo, alikuwa amekwisha kuulizwa maswali hayohayo. Alisema kwamba alizaliwa Kabale, na ni kweli. Mama yake alimleta Kilembe mgongoni akiwa bado ananyonya, jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mke wake kwa sababu hakuona kama lina maana. Kuhusu Jumapili, alijibu kwamba alikula matoke. Nalo lilikuwa kweli. Alikula matoke Kikorongo njiani akirudi na lori, halafu akafika nyumbani akala tena bugali. Lakini lililomjia kinywani kwanza lilikuwa matoke.

"Mimi nasikia ndoa mbili hapa," Drani alisema. "Moja ya bwana, ingine ya bibi."

"Shefu, bwana yangu anakula mara mingi. Iko dereva."

Afisa hakucheka. Alimwambia kwamba wiki iliyotangulia mtu fulani alipiga simu ofisini, akakataa kutaja jina lake, akasema kwamba Benon amepewa kitu kidogo amuoe mwanamke wa Kongo ili mwanamke apate kibali cha kuishi Uganda. Simu za namna hiyo huja nyingi, alisema, na baadhi yake huwa za kweli. Kwa hiyo wangefika nyumbani kujionea. Siku hawangeitaja. Ruhusa ya muda aliyokuwa nayo Chérie ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, na kama hadi hapo hawajaridhika, itambidi arudi kwao.

"Na ingine," Drani aliongeza akiwa ameshasimama. "Usivuke mpaka. Ukivuka kabla sisi tumalize, hiyo faili inafungwa. Umesikia?"

"Nimesikia, shefu."

Walipotoka nje Benon alimnong'oneza kwamba huku haisemwi shefu, husemwa afande. Chérie alijibu kwa machozi. Benon, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimshika mkono hadharani mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu wajuane.

Walijuana pale Mpondwe, chini kidogo ya Bwera, mahali malori ya saruji kutoka Hima hupanga mstari yakingoja kuvuka kwenda Kasindi. Wakati huo Chérie alikuwa akivuka kila asubuhi na sufuria zake kwa kile kikaratasi cha siku moja wanachopewa watu wa mpakani. Aliuza bugali, sombe ya majani ya muhogo na makayabu, yale masamaki ya chumvi wanayoyapenda Wakongo, na madereva walimzunguka. Miaka michache nyuma alikuwa binti wa mkulima wa kakao. Watu wenye silaha walipoanza kuua watu mashambani, familia yake iliacha kakao ikiozea mitini ikashuka na barabara hadi Kasindi. Baba yake alishikwa na homa njiani na hakufika. Waliobaki ni Chérie na mama yake, katika chumba kimoja cha kupanga karibu na stendi.

Benon alikuwa akinunua chakula, anakula, ananawa na kurudi kwenye lori lake bila kusema kitu. Siku moja mvua ilinyesha ghafla na wateja wakakimbia wakiacha sahani. Benon alishuka na turubai la lori, akalishikilia juu ya moto wa Chérie mpaka mvua ikaisha. Chérie alimuuliza kwa nini anajichosha hivyo.

"Sijamaliza kula," Benon alisema.

Kuanzia hapo walizungumza. Kiswahili chake Benon kilikuwa kile cha wachimbaji wa Kilembe, watu waliotoka kila pembe wakakutana chini ya ardhi, na Chérie alikuja na chake cha Beni. Kila mmoja alimcheka mwenzake. Kabla ya mwaka kwisha, Benon na baba yake mdogo, mzee Eridadi, walivuka na mbuzi wao wakaenda kumwona mama yake Chérie. Ndoa ilifungwa kanisani Kasese. Katika picha ya siku hiyo kila mtu anatabasamu isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni Feresita Kobusingye, mama yake Benon. Alikuwa mjane wa mchimba shaba, mwanamke mkavu mwenye mgongo ulionyooka, aliyekaa miaka mingi katika nyumba za mgodi kule Kilembe hadi mto Nyamwamba ulipofurika ukamchukulia jiko na ukuta mmoja. Baada ya hapo Benon alimhamishia mjini, Nyakasanga, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mdogo. Feresita alitaka mwanawe aoe msichana wa kwao, Mkiga, anayejua kusonga karo, ule ugali wa ulezi, na kupika bushera, uji wa mtama. Badala yake aliletewa Mkongo anayeimba akifagia, anayeosha vyombo asubuhi badala ya jioni, na anayepaka kila kitu mafuta ya mawese mpaka sufuria zinabaki na rangi ya udongo wa barabarani. Hakuficha chuki yake. Alimwambia Chérie usoni, kisha akawaambia majirani.

Ndiyo maana siku ile waliporudi kutoka ofisini, wazo la kwanza lililompata Chérie, ambalo hakumwambia mumewe, lilikuwa hili: simu ile ilipigwa na mama mkwe.

Benon alikaa nyumbani siku mbili kisha akaitwa kazini. Mwajiri wake alikuwa na mzigo wa kuvusha. Chérie alibaki na mama mkwe na ile hofu. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya ua ilimfanya aache alichokuwa akifanya. Alitundika picha ya harusi sebuleni. Kisha akaona kwamba inaonekana kama imewekwa kwa ajili ya wageni, akaitoa. Ukutani kukabaki tundu la msumari, na tundu lile likamsumbua zaidi ya picha, akairudisha. Alipanga nguo za Benon pamoja na zake kwenye sanduku moja. Alijifunza kwa moyo mambo aliyodhani ataulizwa: shule aliyosoma mumewe, jina la babu yake, kovu la gotini alilipata wapi. Akiwa bombani akichota maji alijikuta akiyakariri kwa sauti.

Aliyemsikia ni Resty, fundi cherehani wa nyumba ya jirani, mwanamke mcheshi ambaye alikuwa rafiki yake pekee mtaani.

"Wewe unahangaika na bwana, na hatari iko kwa mama," Resty alimwambia. "Hapa hapa kwa bomba alisema. Mimi nilikuwa, na wengine. Alisema mtoto wake ameolewa na karatasi."

Chérie alitua ndoo. "Alisema vile?"

"Vile vile. Wakija watamuuliza yeye. Huyo mama akisema neno moja mbaya, umeenda. Mbembeleze, dada. Mpe kitu. Piga magoti. Wewe unamwangalia kama mtu wa rika yako."

Jioni ile Chérie alitoa sandukuni kitenge ambacho mama yake alimpa siku ya harusi, cha samawati chenye ndege weupe, ambacho hakuwahi kukivaa. Alikikunja vizuri, akaenda chumbani kwa Feresita na kupiga magoti mlangoni kama alivyoshauriwa.

"Mama, nimekuletea hii."

Feresita alikuwa akichambua maharage. Alikitazama kitenge, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu.

"Ya nini?"

"Ya kukupa tu."

"Mimi nimekaa hapa na wewe tangu mlipooana, haujanipa hata sindano. Leo ndiyo unapiga magoti?" Alirudisha macho kwenye maharage. "Peleka kwa mama yako. Simama, sakafu ni baridi."

Chérie alirudi chumbani kwake na kitenge chake. Sasa alikuwa na hakika.

Habari za mama yake mwenyewe zilifika kwa simu siku chache baadaye. Aliyepiga alikuwa mama mwenye nyumba wa kule Kasindi. Alisema bibi ameteleza kwenye tope akaanguka, mguu umevimba kuanzia gotini hadi kwenye vidole, hawezi kusimama, na anamuita Chérie. Kisha simu akapewa mama mwenyewe.

"Kuja, mutoto yangu," alisema. "Hata siku moja tu. Sina mutu."

"Nitakuja, mama."

"Lini?"

Chérie aliondoka kwenda Bwera siku ya soko. Alimwambia Feresita kwamba anakwenda kuwanunulia vitunguu. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba hatavuka, kwamba anakwenda tu kutafuta mtu wa kumpelekea mama yake dawa na chakula. Lakini alipofika Mpondwe na kuyaona mabati ya Kasindi yaking'aa ng'ambo, karibu kiasi cha kuweza kuhesabu madirisha, miguu yake ilimpeleka yenyewe hadi nyuma ya soko, kwenye njia wanayopita wanawake wasiotaka kuonana na maafisa. Njia ile inateremka kwenye migomba na kuishia mtoni. Lubiriha si mto mkubwa. Wakati usio wa mvua, maji hayazidi magoti.

Alimkuta hapo Musimenta, muuza vitunguu aliyekuwa jirani yake enzi za kuuza chakula. Musimenta alikuwa akivuka na kurudi mara nyingi kwa siku, na mizigo kichwani, bila hata kuangalia nyuma.

"Sheri! Umepotea. Unavuka?"

"Mama yangu ni mugonjwa."

"Basi vua viatu tuende. Utamwona, utamwosha, utarudi kabla ya jioni. Nani atajua?"

Chérie alivua viatu. Alivishika mkononi, akaingiza mguu mmoja majini. Maji yale hutoka juu kwenye barafu ya mlima, na baridi yake ilimpanda hadi kiunoni. Alisimama hivyo, mguu mmoja Kongo na mwingine Uganda, au ndivyo alivyohisi, ingawa mpaka wenyewe uko katikati ya mto. Alimwona mama yake amelala kwenye mkeka katika chumba kile kisicho na dirisha. Alimwona pia Drani akifunga faili. Na alimwona Benon akifika nyumbani na kuambiwa kwamba mke wake amezuiwa ng'ambo.

"Unangoja nini?" Musimenta aliuliza. Alikuwa tayari katikati ya maji.

"Siwezi."

"Unaogopa askari? Hawapo leo."

"Mi siogopi askari. Naogopa tu." Alitoa mguu majini. "Mama Musimenta, nakuomba. Mupelekee hii." Akampa mfuko wenye dawa za maumivu, mchele, sabuni na kile kitenge cha samawati. "Umwambie nitakuja. Umwambie siyo kwamba nimekataa."

Musimenta aliupokea mfuko, akaubandika juu ya vitunguu na kuvuka. Chérie alimfuata kwa macho hadi alipopotea kwenye mahindi ya upande wa pili. Kisha alivaa viatu, mguu mmoja mkavu na mwingine umelowa, akapanda hadi barabarani. Alisahau kununua vitunguu.

Usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi alipika chai kwenye sufuria iliyokuwa karibu, na hakukumbuka kwamba ni ile sufuria ndogo ya Feresita ya kuchemshia maziwa, ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mbaya zaidi, usiku uliopita ndiyo aliyotumia kupashia mawese.

Feresita aliiona. Aliibeba hadi uani akaiinua juani.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, Mama. Sikuona."

"Haukuona? Nyumba nzima imekuwa nyekundu! Maziwa yangu itakuwa nyekundu! Mtu anaingia kwa nyumba ya watu, anakwenda soko ya vitunguu anarudi bila vitunguu, anaharibu vyombo, anaimba!"

"Leo sijaimba."

"Unanijibu?"

Kitu fulani ndani ya Chérie, kilichokuwa kimekazwa tangu siku ya ofisini, kilifunguka. Alisikia sauti yake ikipanda na hakuweza kuizuia.

"Ndiyo, najibu! Mama, kila siku mi niko mubaya. Chakula mubaya, mawese mubaya, Kongo mubaya. Unataka niende? Sema tu! Mama yangu iko analala chini na mguu imevimba, na mi niko hapa nasugua sufuria yako, na siwezi kwenda kumuona juu ya hii nyumba! Juu ya mutoto yako! Ungekuwa unajua kitu nimeacha huko juu ya mutoto yako, haungeniletea sufuria!"

Upande wa pili wa ukuta cherehani ya Resty ilisimama. Ndipo Chérie alipogeuka na kuwaona watu wawili wamesimama langoni: Drani, akiwa na faili kwapani, na afisa msichana aliyevaa miwani. Pikipiki iliyowaleta ilikuwa bado inaunguruma barabarani, na yeye hakuisikia.

"Endeleeni tu," Drani alisema. "Sisi tunasikia."

Chérie alifikiri: basi, imekwisha.

Maafisa waliingia. Drani aliuliza mume yuko wapi. Chérie alisema amesafiri na mzigo, yuko Mpondwe. Alijaribu kumpigia simu lakini haikuwa inapatikana. Labda lori lilikuwa limeshavuka. "Kila nyumba tukiuliza bwana, bwana amesafiri," Drani alisema. Alitazama sebule, akatazama picha ukutani, akamwomba Chérie aonyeshe chumba cha kulala. Yule msichana, ambaye jina lake lilikuwa Immy, alifungua sanduku na kulifunga tena haraka, kama mtu mwenye haya. Kisha Drani akasema anataka kuzungumza na mama wa nyumba peke yake.

Chérie aliambiwa akae jikoni. Jiko lile ni kibanda cha mbao uani, hatua chache tu kutoka mahali walipoketi Drani, Immy na Feresita, na mbao zake hazikuzuia sauti.

"Mama, huyu ni mke wa mtoto wako?"

"Ni yeye."

"Walioana kweli, au walioana kwa sababu ya kibali?"

Chérie alishika ukingo wa meza.

"Afande," Feresita alisema hatimaye, "wewe unataka kujua kama nampenda?"

"Sijauliza hiyo."

"Mimi nakujibu. Simpendi. Andika. Anapika chakula ya mafuta, anaamka akiimba, haniheshimu vile bibi ya mtoto anatakiwa kuheshimu. Mimi nilitaka mtoto wangu aoe kwetu. Nimesema hapa, nimesema kwa bomba, kila mtu amesikia."

Chérie alifumba macho.

"Kwa hiyo ndoa ni ya uongo," Drani alisema.

"Nani amesema uongo? Ngoja nimalize. Wewe ulifika kwa lango ukasikia nini?"

"Nilisikia kelele."

"Kelele ya nani?"

"Yake yeye."

"Sasa nikuulize. Mtu anatafuta karatasi. Anajua mtakuja. Anajua mtaniuliza mimi. Huyo mtu atanipigia kelele juu ya sufuria? Angenipikia karo kila siku. Angenipigia magoti asubuhi na jioni, ananiita mama mpenzi. Huyu alijaribu siku moja tu, alileta kitenge, nikamfukuza, hakurudi tena. Hajui hata kudanganya. Nilikaa Kilembe na watu wa kila kabila, niliona wanawake walioolewa kwa sababu ya nyumba ya mgodi. Wale walikuwa wazuri kwa mama mkwe, afande. Wazuri sana. Mgodi ilipofungwa, waliondoka."

Chérie alisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Na ingine," Feresita aliendelea, sauti yake ikishuka. "Benon akichelewa njiani, mimi nalala. Nimezoea, baba yake alikuwa chini ya mlima kila siku. Huyu halali. Anakaa kwa mlango mpaka asikie lori. Nimemwona. Hajui kama nimemwona. Na jana alikwenda Bwera, nikajua anakwenda kwa mama yake, nikasema huyu harudi. Alirudi. Mguu mmoja wa kiatu ulikuwa na maji. Mimi sikuuliza."

"Ile simu kwa ofisi, ni nani alipiga?"

"Mimi sijui. Mimi nikitaka kusema mtu, namsema akisikia."

Immy aliguna, kicheko alichojaribu kukimeza. Drani alifunga faili. Alimuita Chérie atoke jikoni, akamtazama viatu, kisha usoni.

"Jana ulivuka?"

Chérie alijua kwamba akikawia kujibu ataonekana anatunga. "Hapana, afande. Nilitia mguu moja mu maji. Nikatoa."

"Kwa nini ulitoa?"

"Ulisema nisivuke."

Drani alitikisa kichwa polepole, si kama mtu anayekubali wala kukataa, akaaga. Pikipiki iliondoka nao.

Chérie alibaki amesimama uani hajui pa kuiweka mikono. Alitaka kumshukuru Feresita na alitaka kumuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia hayo yote. Lakini Feresita alikuwa ameshachuchumaa na sufuria yake.

"Leta majivu," alisema. "Na limau. Hii haitoki kwa sabuni."

Walisugua pamoja. Rangi haikutoka yote.

Majibu hayakuja wiki ile. Benon alirudi, akasimuliwa, akaenda ofisini mara mbili, na mara zote aliambiwa faili imepelekwa Kampala na asubiri. Mwezi ulikuwa unaisha. Chérie alipunguza kula. Alifungasha nguo chache kwenye begi akaliweka chini ya kitanda, ili kama ataambiwa aondoke asilazimike kufungasha watu wakimtazama. Feresita aliliona begi alipokuwa akifagia, akalitoa, akazirudisha nguo sandukuni moja moja, na hakuna aliyelizungumzia.

Siku moja kabla ya ruhusa yake kuisha, Immy alipiga simu. Waje na picha mbili. Drani hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amehamishiwa kwingine au amekwenda likizo, Chérie hakuelewa vizuri. Immy aligonga muhuri katika pasipoti, akaupuliza ukauke, akamgeuzia aone. Kibali cha kuishi, mke wa raia. Muda wake una mwisho, alieleza, na kabla haujafika itabidi waje tena, na pengine maswali yataulizwa tena. Chérie aliusoma mwisho huo kwanza kabla ya kusoma jina lake.

Nani alipiga ile simu hawakujua, na hadi leo hawajui. Kwa muda mrefu Chérie alikuwa akiwatazama watu bombani na kujiuliza.

Jumamosi iliyofuata alijiandaa kwenda Kasindi. Alipotoka nje alimkuta Feresita amevaa gomesi yake ya kanisani, kikapu mkononi, ndani yake bushera katika chupa na majani fulani ya dawa aliyoyafunga kwa kamba ya mgomba.

"Mama, unaenda wapi?"

"Mwenzangu ameanguka. Nitakaa hapa nikisubiri habari?"

Benon aliwapeleka hadi Mpondwe. Upande wa Uganda Chérie alitoa pasipoti yake, afisa akageuza kurasa, akagonga, akamrudishia. Ilikuwa rahisi hivyo. Upande wa Kongo ndipo walipozuiwa. Feresita hakuwahi kuvuka mpaka wowote maishani mwake. Alikuwa na kitambulisho chake tu na kile kikaratasi cha siku moja, na askari wa Kongo alikigeuza na kukigeuza.

"Mama, unaenda kufanya nini kwetu?"

Feresita, ambaye Drani hakumtisha hata kidogo, alimgeukia Chérie.

"Mwambie."

"Anakuuliza wewe, Mama. Lazima ujibu mwenyewe."

"Nakwenda..." Alikaza kikapu kifuani. "Nakwenda kuona mama ya mkamwana wangu. Ameumia mguu."

"Anaitwa nani?"

Feresita hakujua. Tangu harusi hajawahi kuuliza. Chérie aliona jasho likimtoka mama mkwe wake juu ya mdomo, na kwa mara ya kwanza akamhurumia.

"Anaitwa Mbambu, shefu," Chérie alijibu. "Ni mama yangu. Huyu iko pamoja na mimi."

Askari aliwatazama wote wawili, akarudisha karatasi, akasema mpaka unafungwa jioni, wasichelewe.

Mama yake Chérie alikuwa ameketi mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, kitenge cha samawati kimefungwa mabegani. Alilia alipomwona bintiye, na Chérie alilia pia, na Feresita alisubiri kando hadi wakamaliza. Kisha akachuchumaa mbele ya ule mguu bila kukaribishwa na kuubonyeza kwa kidole gumba.

"Hapa inauma?"

"Sana."

"Na hapa?"

"Hapo kidogo."

"Haijavunjika. Mimi najua mguu iliyovunjika, bwana yangu alivunjika mara mbili. Lete maji ya moto."

Wakaanza kuzungumza habari za magoti, na za mvua, na za waume waliokufa, Kiswahili cha Kilembe na Kiswahili cha Beni, kila mmoja akimwomba mwenzake arudie. Chérie alichochea moto nje. Kila baada ya muda aliinua macho kuangalia jua lilipofika juu ya paa, kwa sababu mpaka unafungwa, na mama mkwe wake alikuwa na ruhusa ya siku moja tu.